Nyuzi mbili zimepishana kwenye mbeleko ya mteja, nimwambie au ninyamaze?

Shikamoo anti,

Mi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu nafuma mbeleko kwa mkono, za oda, yaani mteja anachagua rangi, anachagua urefu, anachagua kama anataka pamba tupu au pamba na kitani, halafu natanda uzi kwenye mtambo wa kufumia na kufuma hiyo moja tu ya kwake. Huu mwaka wa nne sasa. Saa hizi naandika ni saa saba usiku na mtambo uko hapa pembeni nimeufunika shuka kabisa maana nikiuangalia napandwa na hasira.

Ngoja nianze mwanzo. Kuna mteja aliagiza mbeleko ya mita 4.6, ile ndefu ya kujifunga mbele na mgongoni, anatarajia mtoto wa kwanza. Rangi alitaka zianze bluu iliyokoza upande mmoja zije zikififia mpaka zifike rangi ya chungwa upande wa pili, mfumo wa mshazari, ule wa vimistari vinavyopanda kwa kuinama. Nikakubali, akalipa kianzio, nikampa tarehe. Hiyo tarehe anti imebaki wiki mbili na siku mbili.

Maisha yangu yalivyo, asubuhi ni ya watoto, mchana mdogo akilala najaza bobini na kujibu meseji za wateja, akiamka ndo hivyo tena, anakaa chini ya mtambo anavuta zile kamba za pedali. Kazi ya maana naifanya usiku. Na hii mbeleko ina nyuzi 640 za mtande, yaani zile za urefu, kila moja nimeipitisha kwenye kitanzi chake kwa mkono kwa mpangilio wa fremu, zile zinazobeba vitanzi na kuinua nyuzi, ya 1, 2, 3, 4, halafu unaanza tena 1, 2, 3, 4, kisha zote tena unazipitisha kwenye meno ya kitana. Nilimaliza kutunga saa nane usiku, nikajiona shujaa, kesho yake nikaanza kufuma moja kwa moja.

Juzi nimeshafuma mita 1 na sentimita 60 hivi, jua la asubuhi likaingia dirishani likapiga kitambaa kwa ubavu. Nikaona kamstari. Nikadhani ni kivuli. Nikapitisha kidole, nikachukua tochi ya simu, nikahesabu vitanzi, kumbe kule kwenye bluu nyuzi mbili zimepishana, iliyotakiwa fremu ya 3 nimeitia ya 4 na ya 4 nimeitia ya 3. Mshazari unakuja vizuri ukifika pale unajikwaa kidogo halafu unaendelea na safari yake. Mstari wenyewe mwembamba kama unywele lakini umeanzia mwanzo wa mbeleko na utaenda hadi mwisho.

Nililia anti. Sio utani, nilikaa kwenye benchi ya kufumia nikalia, mdogo akaniletea bobini akidhani nimeiangusha.

Mume wangu alivyorudi nikamwonyesha, akatazama weee, akaniambia nimwonyeshe tena, mwisho akasema huo mstari mtauona wewe na Mungu tu, funga mdomo fuma. Rafiki yangu ambaye naye ni mfumaji kasema nifumue yote nirudi mwanzo kwa sababu mteja kalipia kitu kamili. Kufumua mita 1.6! Kuifuma penyewe kumenila usiku tano.

Halafu huyu mteja naye ana mambo yake. Kila siku "imefika wapi", "naomba picha", wiki iliyopita akaniuliza kama ile rangi ya chungwa inaweza kuwa pinki, na wakati huo mtande uko kwenye mtambo tayari. Ni mtu mzuri, ana wasiwasi wa mimba ya kwanza tu, ila nikimwambia kuna kosa naogopa atasema rudisha hela, na kianzio chake chote nilishanunulia uzi. Tena naogopa atawaambia wenzake, kazi hii inaenda kwa mdomo wa mama mmoja kwenda kwa mwingine.

Hesabu yangu ni hii. Nikinyamaza nikaendelea, nafuma usiku tisa au kumi, naitoa kwenye mtambo, napinda pindo, nairuka ile hatua ya kuosha na kukausha maana inanila siku mbili tatu na yeye hata hivyo ataifua mwenyewe kabla ya mtoto kuja, naipiga pasi namtumia, nawahi tarehe. Kulikuwa pia na uzi mmoja wa ukingoni ulikatika mara mbili nikaufunga fundo nikasonga mbele, hilo halina shida. Shida yangu ni huo mstari. Nimwambie au ninyamaze? Na je ni hatari kwa mtoto? Maana hilo ndo linaninyima usingizi, ningekuwa nafuma kitambaa cha meza nisingekuandikia.

Ni mimi,
Macho Mekundu

*

Marahaba mwanangu Macho Mekundu,

Kwanza toa hiyo shuka kwenye mtambo. Huo ni mtambo, sio maiti.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari ya mstari kama ulivyotaka. Mara ya pili nikasoma ule mstari wa barua ulioupitisha haraka haraka mwishoni, na nitaurudia, kwa sababu wewe umelilia kosa lisilo na madhara halafu umekuja kuniambia la hatari kana kwamba unanisalimia.

Haya, tuanze na linalokuliza. Nyuzi mbili zilizopishana kwenye mshazari wa fremu 4, ile unayoinua mbili mbili, hazipunguzi nguvu ya mbeleko. Usinisadiki mimi, kaa na karatasi uchore. Kila uzi kati ya hizo mbili bado unapita juu ya mishindio miwili, yaani zile nyuzi za upana, na chini ya miwili kama jirani zake, umebadilishana tu zamu na mwenzake. Na mshindio nao ukiufuata kwenye lile eneo, hakuna mahali unaporuka nyuzi zaidi ya mbili. Tunachokiogopa kwenye mbeleko ni uzi unaoruka mbali bila kushikwa, unaoning'inia juu ya kitambaa kama kitanzi, maana kidole cha mtoto kinaingia humo, au unanasa kwenye kifungo ukavutika na kitambaa kinakaza vibaya sehemu moja. Kingine ni jino la kitana lililoachwa tupu au nyuzi zilizobanana upande mmoja zikaacha uwazi upande wa pili. Wewe huna hata kimoja, una mshazari uliojikwaa. Ni kosa la macho. Ila hakikisha, pitisha kioo chini ya kitambaa uone na upande wa chini ukoje, watu wengi wanasahau kwamba kitambaa kina chini.

Kufumua usifumue. Rafiki yako ana nia njema ila naona hajapiga hesabu. Kwa uzi wa unene huo nakisia unapiga kama mishindio 7 kwa sentimita, kwa hiyo sentimita 160 ni mishindio 1,120, kila mmoja unaurudisha ulikotoka, na kufumua ni polepole kuliko kufuma. Na wakati unafanya hivyo mtande unasuguliwa, unatoka manyoya, unalegea, ukianza kufuma upya unakatika kila saa. Ungemaliza hiyo kazi una mbeleko isiyo na mstari lakini yenye mita 1.6 za uzi uliochoka, na hapo ndo ningeogopa kumbeba mtoto. Wengine watakwambia rekebisha kuanzia hapo ulipofika, uzikate hizo nyuzi mbili, uzitunge upya, uzishike na pini kwenye kitambaa, uendelee. Inawezekana, nimefanya mara nyingi kosa likiwa la sentimita tano au kumi. Kwa mita 1.6 utakuwa na mstari unaokufa katikati ya mbeleko, na mstari unaokufa katikati unaita macho kuliko unaoenda wima mwanzo hadi mwisho. Ungetaka kwenda mbali zaidi ungeweza kuzifuata nyuzi hizo kwa sindano kwenye mita 1.6 zote, unaingiza mpya katika njia sahihi na kuitoa ya zamani. Kwa macho hayo mekundu? Hapana mwanangu.

Kwa hiyo unaendelea kufuma. Na unamwambia.

Najua mumeo kasema nini, na kwa upande wa macho ana haki, hata mimi pengine nisingeuona. Lakini huyu mama atakuwa na hicho kitambaa puani siku nzima. Mbeleko haitazamwi kama pazia, unaifunga huku mtoto analia, unavuta ukingo kidogo kidogo ili ikaze, unashika kila sentimita yake kwa vidole, na miezi ya kwanza usiku mama hana pa kutazama isipokuwa hapo mtoto alipo. Atauona. Akiuona mwenyewe mwezi wa tatu swali lake halitakuwa "huu mstari ni nini", litakuwa "kuna nini kingine hajaniambia", na hilo swali kwa kitu kinachobeba mtoto ni baya mno. Ukimwambia leo ni habari ya mstari tu.

Namna ya kumwambia basi. Usimwandikie risala ya msamaha, ukilia sana naye atalia, ni mjamzito. Piga picha mbili mchana, moja ukiwa umesimama mbali kiasi cha mkono ulionyooka, nyingine ya karibu, ile ya mbali itangulie. Halafu mwandikie kitu kama hiki:

"Habari dada, mbeleko yako imefika mita 1.6. Wakati wa kutunga nyuzi nilipishanisha nyuzi mbili upande wa bluu, imetokea mstari mwembamba unaoenda urefu wote, nimekutumia picha. Nimekagua, haupunguzi nguvu wala hauna uzi unaoning'inia. Naweza kuendelea nayo hivi ilivyo, au naweza kukutandia nyingine upya ila itachelewa kwa wiki kadhaa. Niambie lipi linakufaa. Pia tarehe ya kwanza niliyokupa ilikuwa ya kubana, naomba uniongezee siku 7 ili niioshe na kuikagua vizuri kabla haijafika kwako."

Basi, usiongeze kitu. Akichagua nyingine, hii ya mstari utaimalizia uuze kama yenye kasoro iliyoelezwa, kuna mama ataichukua kwa furaha na hapo ndo utapata hela ya uzi wa pili. Akitaka hela yake mwambie utamrudishia hii ikishauzwa, na mpe tarehe. Lakini mi nahisi atakwambia endelea. Mtu anayeomba picha kila siku anachotaka ni kujua kinachoendelea, na wewe muda wote ulikuwa unamtumia picha nzuri tu. Ile habari ya pinki mjibu kwa sentensi moja: mtande ukishapanda kwenye mtambo rangi yake haibadiliki, kinachoweza kubadilishwa ni rangi ya mshindio peke yake, na hata huo umeshauanza. Siku nyingine liandike kabla hujapokea kianzio.

Sasa nimefika kwenye lile la hatari. Umeniona nimeziomba siku 7 kwenye meseji.

Umesema utairuka kuosha. Mwanangu, mbeleko inayotoka kwenye mtambo bado haijawa kitambaa, ni nyuzi zilizolala pamoja hazijajuana. Kuosha ndo kunazikutanisha, uzi unavimba, unajikunja, unamshika jirani. Mi mwenyewe nilipokuwa kwenye mwaka wa pili kama si wa tatu nilifanya hayo hayo unayotaka kufanya, mteja ana haraka, nikapinda, nikapiga pasi, nikatuma. Haikupita wiki mbili ikarudi. Pale bega linapokaa, nyuzi zilikuwa zimesogea pembeni zikaacha kama dirisha, unaona nguo ya ndani kwa kupitia hapo. Alikuwa ameifunga na kuikaza tu, hajaivuta kwa nguvu wala nini. Niliishika ile mbeleko nikakaa nayo nusu saa sina la kusema.

Halafu angalia hesabu yako mwenyewe ya urefu. Ili upate mita 4.6 nadhani ulitanda kama mita 6.4, sivyo? Karibu sentimita 90 zinabaki kwenye mtambo mbele na nyuma hazifumiki, nyingine zinaliwa na kufuma kwenyewe maana uzi unapanda na kushuka haulali wima, na iliyobaki inaliwa na maji. Ukimpa bila kuosha utampa mita 5 na kitu, atajifunza kujifunga na urefu huo, anaifua mara ya kwanza inarudi nusu mita nzima, na upana nao unapungua. Unafikiri atakuwa amefurahi? Na rangi zako hizo, bluu iliyokoza na chungwa, kama bluu inachuja itachuja juu ya chungwa, bora ichujie kwenye beseni lako ujue kuliko kwenye mdomo wa mtoto. Watoto wote wananyonya ukingo wa mbeleko, hakuna asiyenyonya, kwa hiyo unaosha mpaka maji yatoke meupe.

Ikishakauka na kupigwa pasi, itundike dirishani mchana uitazame dhidi ya mwanga kipande kwa kipande, penye uwazi mwanga utakwambia. Kisha ijaribu na uzito, tafuta mfuko wa kilo 10 uufunge kama unavyofunga mtoto, tembea nao ndani, inama, panda ngazi kama zipo, ufungue uangalie mabegani na chini ya mzigo kama kuna nyuzi zimesogea. Hiyo yote ni sehemu ya kufuma, sio jambo la ziada ukipata muda, na siku zake uzihesabu unapompa mtu tarehe. Mtoto naye hazaliwi kwa tarehe ya oda, anaweza kuja kesho, anaweza kukaa, na akija leo hatafungwa mgongoni leo. Ukimtumia mbeleko mwambie tu yale ya kawaida, uso wa mtoto uonekane muda wote, awe karibu kiasi cha kumbusu kichwani, kidevu kisilalie kifua, mgongo ushikwe vizuri. Wewe unajua, yeye ndo mara ya kwanza.

La kutunga usiku wa manane silisemi sana maana najua huna saa nyingine. Ila usitunge zote 640 kwa pumzi moja. Zigawe mafungu ya 16, ukimaliza fungu unalisoma tena kwa kidole 1, 2, 3, 4, ndo unalifunga fundo la kufunguka na kuhamia lingine. Na kabla hujaanza mbeleko yenyewe fuma sentimita chache na uzi wa rangi inayopingana kabisa na mtande, halafu uziache hadi asubuhi, uzitazame kwa jua la ubavu kama hilo lililokuumbua. Hapo kosa linakugharimu dakika 10.

Na lile fundo. Umesema halina shida, ungelifunga katikati ningekuvumilia, lakini ukingoni! Ukingo ndo unaovutwa kuliko sehemu yoyote mtu anapokaza mbeleko, na fundo kwenye uzi wa mtande linafunguka au linasugua jirani zake mpaka wakatike. Ukishaitoa kwenye mtambo, kabla ya maji, chukua uzi wa rangi ile ile kwenye sindano butu, anzia sentimita 5 hivi kabla ya fundo, fuata njia ya uzi ule ule juu mbili chini mbili, pita fundo, endelea sentimita nyingine 5. Kisha fundua fundo la zamani na uivute mikia yake itokee upande wa nyuma. Usiikate hiyo mikia mpaka mbeleko imeoshwa na imekauka kabisa, maana kitambaa kikijikunja na yenyewe inarudi ndani, ukiikata mapema inachomoka. Yako mawili hayo, umesema ulikatika mara mbili, kwa hiyo tafuta na la pili. Funga macho upitishe vidole ukingoni, utalipata.

Anti yako